Safari ya masomo Paris juu ya baandikaji LGBT: nani alisha kuifanya, na ku nyumba ninasema nini?

MwanaKasapa

Bandugu na bayaya, jambo yenu bote. Miye ni mwanafunzi wa Lettres hapa Lubumbashi, mwaka wa mwisho, ninakaa ku komini ya Kenya, kwa wazazi. Profesa wetu moya alipatana na shule moya ya Ulaya, banataka kupeleka kikundi ya banafunzi 11 mu Paris siku 12, na mada ya masomo njo hii: baandikaji na bachoraji benye balipenda bantu ba jinsia yabo, LGBT vile banasemaka, nyumba benye balikaa, fasi baliandikia, makaburi, libreri, myuze. Kila mutu anachagua mwandikaji mumoya, anamusoma mbele ya safari, na tukifika pa fasi yake yee njo anasimama mbele ya bengine anaelezea dakika 20. Miye nilichagua James Baldwin, mwandikaji mweusi wa Marekani, juu mwaka jana niliazima kitabu yake kwa mwenzangu nikaisoma usiku muzima paka jogoo akawika.

Sasa maulizo. Ya kwanza, kuko mwenye alisha kufanya safari ya namna hii? Ni masomo ya kweli ao ni kutembea na kupiga mapicha? Ya pili njo inaninyima usingizi: ku nyumba ninasema nini. Papa ni shemasi ku kanisa, mama anauza unga ku soko. Nikisema tu "Paris" banafurahi na kuita majirani, nikisema mada ya masomo sijui kama nitalala ndani ile siku. Benzangu bamoya mu kikundi banasema tuandike "fasihi ya Paris" na tufunge kinywa. Lakini sijazoea kudanganya papa, njo mwenye alinilipia minerval, makuta ya masomo, yote hii miaka kwa kuuza paka pikipiki yake. Ya tatu, sheria yetu inasema nini, tunaweza kupata matatizo tukirudia? Na ya ine, viza. Munisaidie, karatasi zote banazitaka mbele ya mwisho wa mwezi.

Yaya_Kampemba

Kadogo, karibu. Miye nilienda ya namna hiyo mu 2019, tulikuwa bantu tisa, batatu tulitoka huku, bengine Dakar na Bruxelles. Ni masomo ya kweli, tena ya kuvimbisha miguu, juu ile Paris ya baandikaji unaitembea chini, ukipanda metro inakuficha kila kitu. Beba viatu yenye ulisha kuzoea.

Shiye tulianzia ku makaburi, Père Lachaise. Kuingia ni bure, lakini fasi ni kubwa sana, hektari 44 hivi, bila plan unapotea. Kaburi ya Oscar Wilde, mwandikaji wa tamthilia, iko na malaika mukubwa wa jiwe mwenye Jacob Epstein alichonga, na tangu 2011 balizungusha vioo juu bantu balikuwa banabusu lile jiwe na rangi ya midomo paka likaanza kuharibika. Mwenzetu wa Dakar njo alikuwa na zamu ya Wilde. Akatuelezea vile mwanzo wa 1895 tamthilia zake mbili zilikuwa zinachezwa London kwa wakati mumoya, kufika mwezi wa tano eko mu gereza, miaka mbili na kazi ngumu, juu ya kupenda wanaume, na jina lake balilitosha ku maafishi. Alipotoka akakimbilia Ufaransa, akakufa 30 novemba 1900 mu hoteli moya ya rue des Beaux-Arts, na miaka 46. Alasiri tukaenda paka pa ile hoteli, tukasimama inje, hakuna mwenye alitosha simu kupiga picha.

Lakini kenye kilinibakia mu roho ni kaburi ingine, ya kawaida kabisa, unaweza kuipita bila kuiona. Gertrude Stein, mwandikaji Mwamerika. Mbele ya jiwe kuko jina lake. Ukizunguka nyuma, ku mugongo wa lile jiwe, njo unaona jina la Alice B. Toklas. Balijuana Paris mu 1907 bakabakia pamoya paka Gertrude akafariki mu 1946, na Alice akakufa mu 1967, bakamuzika mule mule, lakini jina nyuma. Miye nilikuwa na zamu ya Alice, na nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, nikajikuta ninashindwa kuanza. Kesho yake tukafika 27 rue de Fleurus, fasi balikaa, na ku kibao cha pale ukutani banasema waziwazi kama Gertrude alikaa pale na kaka yake Leo Stein, halafu na Alice B. Toklas. Nilifurahi sawa vile bamemurudishia ndugu yangu kitu chake.

Tena mu ile nyumba kuko hadithi yenye inatugusa shiye. Mchoraji Matisse alisimulia kama mu 1906 alinunua kasanamu kadogo ka mti ka Bavili, bantu ba kule ku bahari ya Kongo, akapita nako kwa Gertrude Stein, na mchoraji mwenzake Picasso akakaona pale. Mwaka wenye kufuata Picasso akachora ile tablo yake kubwa yenye nyuso sawa maski. Profesa akauliza: jina la mwenye kuchonga ni nani? Hakuna mwenye alijua. Kwa hiyo ile siku tulikuwa na majina mbili ya kutafuta, la Alice nyuma ya jiwe na la yule fundi wetu mwenye hata nyuma ya jiwe hayuko.

Fasi zingine zenye munapashwa kufika: rue de l'Odéon, kulikuwa libreri mbili zenye kutazamana, namba 7 ya Adrienne Monnier tangu 1915, namba 12 ya Sylvia Beach tangu 1921. Bale banawake balipendana, balikaa pamoya miaka mingi, na ku ile namba 12 njo Sylvia alichapa kitabu kikubwa cha James Joyce mu 1922 wakati bachapaji bengine baliogopa. Kibao kinasema juu ya Joyce, Adrienne hayumo. Halafu muende myuze Carnavalet, chumba cha kulala cha mwandikaji Proust kiko pale, kitanda kidogo tu, na njo mu ile kitanda aliandikia usiku. Na ku kona ya rue Montorgueil, chini kabisa mu sakafu ya njia, kuko kibao cha 2014 cha bantu babili, Bruno Lenoir na Jean Diot, benye balichomwa moto mu 1750. Balichomwa juu balikutwa pamoya mu njia usiku. Bantu banapita juu yake na masakoshi ya soko. Shiye tulisimama pale mvua inanyesha.

PapaKatuba

Binti, miye ni muzazi, niruhusu niseme wazi bila kukutukana. Sipendi hii mada. Mutoto anapanda ndege kwenda mbali vile, makuta ya kule inaweza kujenga kilasi moya huku, halafu anaenda kujifunza nani alilala na nani? Vitabu ni vitabu. Mwandikaji kama ni muzuri ni muzuri, mambo ya chumba chake ibakie mu chumba. Kanisa linatufundisha njia ingine na siko na haya kuisema. Papa yako ni shemasi, akisikia hii kwa mutu wa pembeni atakufa na haya. Afazali ubakie, ao uombe profesa abadilishe mada.

Yaya_Kampemba

Papa, aksanti kwa kusema na heshima, na miye ninakujibu na heshima. Ulisoma sekondari wakati gani? Juu shiye bote tulikariri ile shairi ya violoni za vuli, ya Verlaine, mwalimu alitusimamisha mumoya mumoya. Hakuna mwenye alituambia kama yule Verlaine mu Bruxelles, 10 julai 1873, alimupiga Rimbaud, mushairi mwenzake, risasi ku mukono juu Rimbaud alitaka kumuacha, akafungwa, na mu gereza njo aliandika mashairi yake ya kumurudilia Mungu yenye bapadri benyewe banayapenda. Sasa ukikata ile mapenzi, ile toba inatoka wapi? Mutu analia juu ya nini? Mu Paris, rue Férou, baliandika shairi ya Rimbaud ku ukuta muzima, mistari yote 100, na pale ukisoma unaelewa kijana wa miaka 16 alikuwa anakimbia nini.

Haiko kuchungulia chumba, papa. Chumba cha Proust na bibi yake, kama angekuwa nayo, bangetuelezea bila shida. Tunaelezewaka bibi za baandikaji bote, na batoto, na hata mbwa.

Maître_Lshi

Juu ya sheria nijibu haraka. Code pénal yetu haina kifungu chenye kutaja mapenzi ya jinsia moja kama kosa. Katiba ya 2006, kifungu 40, inasema haki ya kuoa ao kuolewa ni na mutu wa jinsia ingine, ni ndoa tu inazungumuzia. Kenye banatumiaka mara zingine kusumbua bantu ni kifungu 176, ile ya kuvunja adabu mbele ya bantu. Kusoma kitabu, kutembelea kaburi, kuandika travay, haiko kosa hapa kwetu. Majirani ni tofauti: Zambia, Tanzania, Uganda, na Burundi tangu 2009, kule sheria inafunga. Kwa hiyo kama munapitia Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, juu tiketi ya kutoka Lusaka ni rahisi, muwe na akili na maneno yenu mu basi na mu simu.

Na kitu kimoya zaidi, cha lazima. Mu bantu 11 anaweza kuwa mumoya ao babili benye hii mada ni maisha yabo, na hawajamuambia mutu. Safari ikibaskuma kusema, bakirudia huku njo banabeba muzigo peke yabo. Hakuna picha ya mwenzako ku mitandao bila ruhusa yake, na hakuna kuulizana "na weye je?". Muandike hiyo mu kanuni za kikundi mbele ya kuondoka na kila mutu aweke sinyatire.

Kamalondo_Bxl

Viza ya Schengen, njo ya kuingilia Ufaransa, ni euro 90 kwa mutu mukubwa tangu juni 2024, na haurudishiwe wakikukatalia. Asiransi ya safari inapashwa kufunika angalau euro 30 000. Barua ya mwaliko ya ile shule, barua ya chuo yenu yenye kuonyesha kama uko inskri na unarudia kumaliza mwaka, tiketi ya kwenda na kurudi, fasi ya kulala, makuta ku banki ao barua ya mwenye kulipa. Hata kama ni kikundi kila mutu ana dosie yake.

Sasa ile ya "fasihi ya Paris", musifanye. Programu ya ile shule itakuwa ndani ya dosie na mada imeandikwa pale. Wakikuuliza ku gishe unaenda kusoma nini, weye unasema kingine na karatasi inasema kingine, banaona kama unaficha kitu, na banafikiri unataka kubakia kule. Mu kikundi kimoya chenye nilikisaidia, ambasade moya ilikatalia bantu bane juu ya majibu yenye haikufanana. Sema kweli na sauti yako ya kawaida.

MamaRuashi

Mwanangu, mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nimefundisha miaka 28, na ni mjane. Nimesoma maneno ya Yaya juu ya yule Alice nikaona nikuongezee kipande ambacho hakukisema, maana mimi ndicho kilichonifanya nimjue.

Gertrude alipokufa alimwachia Alice matumizi ya picha zao, Picasso na wengine, maisha yake yote. Lakini mbele ya sheria Alice hakuwa mke wala ndugu, alikuwa mtu tu aliyekaa mule ndani. Mwaka 1961, Alice akiwa mbali na Paris, jamaa wa Gertrude wakapata amri na picha zikatolewa nyumbani. Mama mzee wa miaka zaidi ya 80 anarudi, anakuta kuta tupu, alama tu za mahali picha zilikuwa zimetundikwa. Akamalizia maisha yake katika ufukara.

Mume wangu alipofariki, matanga hayajaisha, shemeji zangu walifika na kamioni. Walibeba viti, walibeba friji, walibeba hata vitabu vyangu vya kufundishia wakisema vilinunuliwa na mshahara wa ndugu yao. Nilikuwa na cheti cha ndoa ya komini, cha kanisa, mahari ilitolewa mbele ya ukoo mzima, na bado walibeba. Sasa mtu asiye na cheti hata kimoja, ambaye dunia nzima inakataa kusema kwamba alikuwa na mtu? Niliposoma habari ya zile kuta nililia, na mimi ni mtu wa rozari kila jioni, Papa Katuba, usifikiri nimepotea.

Kwa baba yako usidanganye. Na usimwanzie na neno LGBT, maana neno hilo akilisikia atasikia kelele za redio na hatakusikia wewe. Mwanzie na mtu. Mpe jina, mwaka, jambo lililompata. Wanaume wa umri wake wanajua vizuri sana kunyang'anywa ni nini.

MwanaKasapa

Mama aksanti, nimesoma nikaita dada yangu naye asome. Maître, Kamalondo, nilipelekea profesa maneno yenu, alikubali ile ya sinyatire.

Yaya, na Baldwin yangu je, fasi zake ni wapi? Juu programu inaandika tu "Café de Flore" na sitaki kusema dakika 20 juu ya kahawa.

Yaya_Kampemba

Flore ni sawa, ghorofa ya juu njo alikuwa anaandikia kitabu yake ya kwanza, juu chumba yake ya hoteli ilikuwa baridi. Lakini anzia ku gereza. Alifika Paris 11 novemba 1948 na dola 40 tu mufukoni, miaka 24. Mwaka wenye kufuata, mwezi wa kumi na mbili, polisi bakamukamata juu ya shuka ya kitanda yenye mwenzake aliiba ku hoteli ingine na kuileta ku chumba yake. Shuka moya. Siku nane ndani, Noeli alikula mule. Bakamufikisha mbele ya tribunali, kesi ikaanguka, bantu mule ndani bakacheka juu ya ile shuka, na yeye aliandika kama ile kicheko njo ilimufungua macho, juu alikuwa ameisha kuisikia kwabo Marekani: ni kicheko cha bantu benye taabu ya wengine iko mbali nabo.

Halafu peleka kikundi rue des Écoles, namba 25 bis, libreri ya Présence Africaine, nyumba ya vitabu yenye Alioune Diop wa Senegal alianzisha. Iko karibu na Sorbonne, na mu ile Sorbonne, septemba 1956, njo Présence Africaine ilikutanisha baandikaji na basanii beusi ba dunia yote, Césaire, Senghor, Fanon, Richard Wright. Baldwin alikuwa anakaa ndani na daftari, anaandika. Na mwaka ule ule 1956 njo riwaya yake ya kijana Mwamerika na Giovanni ilitoka, ile yenye mchapaji wake wa kwanza aliikataa. Unaona? Mutu mumoya, mwaka mumoya, mu mukono huu uhuru ya beusi na mu mukono ule mapenzi yenye hakuna mwenye alitaka kusikia, hata mu ile sale. Shiye tulisoma Césaire ku shule. Baldwin balituficha. Simama ku mulango wa ile libreri na useme hiyo, dakika 20 itakuwa kidogo.

MwanaKasapa

Ninarudia kubapa habari. Jana, siku ya Mungu, nilingojea papa amalize kula, mama alikuwa anaosha sahani, nikamwambia papa kuko mwandikaji mumoya mweusi mwenye bazungu balimufunga siku nane juu ya shuka. Akazima redio. Akauliza alikuwa ameiba? Nikasema hapana, ni rafiki. Akauliza nani alikuya kumutosha, kuko ndugu alifika? Nikamuelezea yote, gereza, Sorbonne, na nikaendelea paka mwisho, nikasema papa yule mutu alikuwa anapenda wanaume, na safari yetu ni juu ya baandikaji ba namna yake, sitaki uisikie kwa mutu wa pembeni.

Alinyamaza murefu sana. Mama akaacha sahani. Halafu papa akasema yeye hakubali ile mapenzi na hatakubali, lakini mutu kufungwa Noeli juu ya shuka ya mwengine, ile ni ubaya na Mungu aliiona. Akabakia tena kimya. Akauliza kitabu yake iko wapi. Nikamupa. Hajaifungua, iko pa meza karibu na Biblia yake, asubuhi mama alipangusa meza akairudisha pale pale.

Leo mbele ya kuenda ku kazi aliniita pa mulango, asema nimuletee programu yote ku karatasi, siku kwa siku, na jina la profesa mwenye kutusindikiza, na saa ya ndege ya kurudia.